Nani Apite Kwanza?

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, akina mama wengi katika miji yetu husimama kando ya barabara wakiwa wamewashika watoto wao mkono. Mbele yao kuna mistari myeupe iliyochorwa juu ya lami. Maana yake haimpiti mtu: hapa mwenye miguu ndiye apitaye kwanza. Lakini magari hayasimami. Linapita la kwanza, la pili, la kumi. Mama hutazama kulia, hutazama kushoto, hutazama tena kulia, na mwishowe huinua mkono kama mtu anayeomba msaada. Anaomba kitu ambacho sheria imekwisha kumpa.

Swali la nani apite kwanza barabarani linaonekana dogo. Linafanana na lile la watoto wanaogombania mlango. Lakini mlangoni mtoto akisukumwa hulia, akabembelezwa, akanyamaza. Barabarani hakuna kubembelezwa. Anayenyimwa zamu yake hugongwa na chuma chenye uzito wa tani moja, tano au thelathini.

Watu wetu wana msemo kwamba ajali haina kinga. Tunausikia msibani, tunausikia hospitalini, na mara nyingi tunausema ili kumfariji aliyefiwa. Msemo huo unafaa kufariji, lakini haufai kufundishia. Dereva asiyesimama penye kivuko anajua afanyalo, na anayeingia kwenye kipilefti kwa nguvu ameamua mwenyewe kutopisha. Basi kinga ipo, nayo ni kupishana kama sheria inavyotaka.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani katika mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya waliokufa hawakuwa ndani ya gari: walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Ripoti hiyo inasema pia kwamba kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua kuliko barabara. Akina mama, hebu tulitafakari jambo hilo. Tunawachanja watoto wetu, tunawachemshia maji, tunawafunikia chandarua. Kisha tunawafungulia mlango waende shule, na huko njiani ndiko iliko hatari kubwa kuliko zote za umri wao.

Kanuni zasemaje?

Wengi wetu hatukupita shule ya udereva, na kwa hiyo tunadhani kanuni za kupishana ni siri ya madereva na trafiki. La hasha. Zinamhusu kila atumiaye barabara, hata anayekwenda sokoni na kikapu chake. Nchini Tanzania msingi wake ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yaliyofuata. Kwa ufupi, kanuni kuu ni hizi:

Kwanza, penye kivuko chenye mistari, dereva anatakiwa apunguze mwendo anapokikaribia, na asimame kumpisha aliyekwisha kuingia kivukoni. Haimpasi kumpita mwenzake aliyesimama hapo.

Pili, kwenye kipilefti, anayetaka kuingia hupisha magari yanayotoka kuliani kwake, yaani yale ambayo yamekwisha kuingia na yanazunguka.

Tatu, anayetoka barabara ndogo humpisha aliye katika barabara kubwa. Penye kibao chekundu cha pembe nane, gari husimama kabisa, hata kama hakuna kitu kinachoonekana. Penye kibao cha pembetatu iliyogeuzwa chini juu, dereva hupunguza mwendo na kutoa njia.

Nne, anayekata kona kwenda kulia huwapisha wanaokuja mbele yake wakienda moja kwa moja. Na yeyote anayekata kona hana budi kuwaangalia waenda kwa miguu wanaovuka ile barabara anayoiingia.

Tano, gari la wagonjwa, la zimamoto au la polisi likiwa kazini na king'ora kinalia, wote hulipisha. Na treni hupishwa na wote.

Kanuni hizi hazikushuka siku moja. Magari yalipoanza, watu walijifunza kwa machozi. Mwezi Agosti 1896, huko London, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari akiwa amefuatana na binti yake, akafa. Anatajwa kuwa mwenda kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la mota nchini Uingereza. Vivuko vya mistari vilianza kutumika rasmi nchini humo mwaka 1951, na kanuni ya kumpisha aliye kulia kwenye vipilefti ikawekwa mwaka 1966. Nyuma ya mistari ile tunayoiona imefutika kwa vumbi kuna makaburi mengi. Ilichorwa kwa sababu watu walikufa pasipokuwa nayo.

Na tuangalie tena: kanuni hizi karibu zote humwambia mtu ni nani anayepaswa kungoja. Ndiyo maana neno "haki" huwapotosha baadhi ya madereva. Dereva hudai, "Njia ni yangu," akakanyaga mafuta. Lakini hata mwenye njia amekatazwa kumgonga asiye nayo. Mtoto akikosea akaingia barabarani, kosa lake halimpi mtu ruhusa ya kumwua.

Gari la pili

Katika hatari zote za kivukoni, iko moja ambayo kila mzazi anapaswa kuifahamu vizuri, kwa sababu huwapata hasa watu waangalifu.

Chukua barabara pana yenye njia mbili kila upande, kama barabara ya Mandela au ya Nyerere jijini Dar es Salaam. Mama na mtoto wamesimama kivukoni. Dereva wa njia ya kwanza ni mwungwana: anasimama, hata anawapungia mkono wapite. Mama anafurahi, anatikisa kichwa kwa shukrani, anaanza kuvuka. Lakini lile gari lililosimama ni kubwa, pengine ni daladala au lori, na limemziba. Haoni njia ya pili, na aliye katika njia ya pili hamwoni yeye. Dereva huyo wa nyuma anaona tu kwamba mwenzake amesimama. Anafikiri anashusha abiria, au ameharibikiwa. Hakutafuta kujua zaidi. Anapita kwa kasi, na mama anatokea mbele ya lile gari lililosimama wakati uleule.

Hivyo uungwana wa mmoja hugeuka mtego kwa sababu ya haraka ya mwingine. Ndiyo sababu sheria inamkataza dereva kulipita gari lililosimama penye kivuko. Na ndiyo sababu inatupasa kuwafundisha watoto wetu hivi: gari la kwanza likisimama, usikimbie. Tembea hadi mwisho wa gari hilo, simama, chungulia, uhakikishe kwamba na la pili limesimama, ndipo uendelee. Wenye daladala na bodaboda wanaopenda kutanua pembeni nao wasisahauliwe. Mara nyingi chombo cha tatu hutokea mahali ambapo si njia kabisa.

Mtoto wa darasa la kwanza au la pili hawezi kuyafanya haya peke yake. Kimo chake ni kifupi, haoni juu ya boneti. Hajui bado kupima kasi ya gari kwa macho; kwake gari lililo mbali ni gari lililo mbali, liwe linakuja polepole au mbio. Hata sauti humdanganya, asijue inatoka upande gani. Si ukaidi wala ujinga. Ni umri wake.

Mwendo na breki

Madereva husema, "Ningemwona ningesimama." Hebu tutazame kama wangeweza.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita meta 14 hivi kila sekunde. Dereva anapoona hatari, hupita muda mfupi kabla mguu haujagusa breki, na katika muda huo gari linaendelea kwa kasi ileile. Kwa hesabu za kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza, gari lenye mwendo wa kilomita 48 kwa saa huhitaji meta 23 hadi lisimame kabisa. Likiwa na kilomita 64 huhitaji meta 36, na likiwa na kilomita 80 huhitaji meta 53. Hizo ni hesabu za barabara kavu, breki nzima na dereva aliye macho. Ongeza mvua, matairi yaliyokwisha, abiria waliosimama hadi mlangoni, na dereva anayesoma ujumbe katika simu, halafu ujiulize atasimamia wapi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima akigongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, uwezekano wa kufa ni chini ya 20 katika 100. Mwendo ukifika 80, uwezekano huo hufika karibu 60 katika 100. Kwa hiyo mwendo wa 50 uliowekwa kwa maeneo ya makazi ulikusudiwa kumwachia aliyegongwa nafasi ya kurudi nyumbani kwake.

Kwa nini hawapishi?

Ni rahisi kuwalaani madereva na kuishia hapo. Lakini tukitaka tabia ibadilike, hatuna budi kuuliza inatoka wapi.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Dereva wa daladala kwa kawaida hukabidhiwa gari kwa masharti ya kumpelekea tajiri kiasi fulani cha fedha kila siku. Akishatoa hesabu ya tajiri na gharama za mafuta, kinachobaki ndicho chake na kondakta wake. Wengi hawana mkataba wala mshahara. Basi kila kivuko anachosimama huona ni abiria anayechukuliwa na mwenzake aliye mbele. Kijana wa bodaboda naye huenda anarejesha mkopo wa pikipiki kwa wiki. Haya hayahalalishi kosa, lakini yanatuonyesha kwamba mwenye chombo aliyekaa nyumbani akingoja hesabu yake naye ana mkono katika kosa hilo.

Sababu ya pili ni dharau. Wako wanaodhani kwamba mwenye gari amefaulu maisha na mwenda kwa miguu hajafaulu, kwa hiyo asiyefaulu angoje. Huyohuyo akishuka garini naye ni mwenda kwa miguu, na mama yake aliyemzaa anavuka barabara hizohizo kijijini au mjini. Lakini akishika usukani hayakumbuki.

Sababu ya tatu ni kutojua. Wako walioshika usukani bila kufundishwa ipasavyo, na wengine walijifunza kwa kuwaiga wakubwa wao kazini. Dereva wa namna hiyo huamini kwamba mwenye gari kubwa ndiye apitaye kwanza. Mwulize maana ya taa zinazowashwa mara mbili: mmoja atasema ni "pita, nakungoja", mwingine atasema ni "kaa huko, napita mimi". Wawili hao wakikutana kwenye daraja jembamba usiku, kila mmoja akiisoma ishara kwa maana yake, kitakachofuata tunakijua.

Sababu ya nne ni kwamba mara nyingi hakuna kinachomfuata mkosaji. Trafiki akiwapo, magari husimama, akiondoka, yanapita. Faini hulipwa, na safari ikaendelea vilevile.

Na sababu ya tano ni sisi abiria. Ndani ya daladala hiyohiyo tunasikika tukisema, "Dereva, mbona unatembea kama konokono? Tutachelewa!" Anayemhimiza dereva asisimame kivukoni asishangae siku atakapokuwa yeye kivukoni.

King'ora kikilia

Liko jambo linalowagusa akina mama kwa namna ya pekee. Mama mjamzito anayetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua anahitaji kufikishwa hospitali haraka sana. Dakika zake ni za kuhesabu. Nchini Tanzania upo mpango uitwao m-mama, unaowasafirisha wajawazito na watoto wachanga walio katika hali ya hatari, na huitwa kwa simu ya bure namba 115. Mpango kama huo hutegemea kitu kimoja ambacho fedha haziwezi kununua, nacho ni barabara iliyo wazi.

Lakini tumekwisha kuona gari la wagonjwa likilia katikati ya foleni, na hakuna anayesogea. Wengine husema, "Hamna mgonjwa humo, wanatafuta njia tu." Wengine hufanya vibaya zaidi: hulifuata kwa nyuma ili wafaidi njia iliyofunguliwa. Dereva hana uwezo wa kujua nani amelala ndani. Anachopaswa kufanya ni kutoa ishara, kusogea kushoto kadiri awezavyo bila kuwagonga waendao kwa miguu, na kusimama hadi lipite. Kama baba wa nyumba yako anaendesha gari, mwulize jioni ya leo kama hufanya hivyo.

Treni haina usukani

Mwezi Novemba 2023, huko Manyoni mkoani Singida, basi la abiria liligongana na treni mahali ambapo barabara inakatiza reli, na watu zaidi ya kumi walipoteza maisha. Mahali pa namna hiyo hakuna ubishi juu ya nani apite kwanza. Treni haiwezi kukwepa, na hata ikifunga breki zake zote huendelea mbele mwendo mrefu kabla ya kusimama. Dereva mwenye busara husimama, hutazama pande zote mbili, na hasogei mpaka awe na nafasi ya kutosha ng'ambo ya pili, asije akakwama na gari lake katikati ya reli.

Mzigo unaobaki nyumbani

Magazeti yakiandika ajali huhesabu waliokufa na waliojeruhiwa. Hayaandiki yanayofuata. Baba aliyevunjika mfupa wa paja hulala miezi kadhaa. Hesabu ya nyumba hubaki kwa mama, naye sasa ni muuguzi, mtafutaji na mlezi kwa wakati mmoja. Kiwanja kilichokuwa kinasubiri msingi huuzwa. Mtoto mkubwa huacha shule ili asaidie. Akiwa ni mama aliyegongwa, ni binti ndiye anayeacha shule. Mtoto aliyeumia kichwa hupona majeraha, lakini mwalimu anasema hasikilizi tena darasani, na hakuna anayekumbuka kuunganisha mambo hayo mawili.

Yote hayo kwa sababu ya sekunde kumi. Ndiyo, dereva anayesimama kumpisha mama na mtoto hupoteza sekunde kumi au kumi na tano. Asimame penye vivuko ishirini kwa siku, hazizidi dakika tano. Foleni ya mataa yanayofuata humla zaidi ya hizo.

Tufanye nini?

Kwa watoto. Samaki mkunje angali mbichi. Mfundishe mtoto njiani hasa, maana maneno ya mezani hayatoshi. Tembea naye njia ya shule mara kadhaa, mwache yeye akuambie ni wapi na lini pa kuvuka, wewe umsahihishe. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, atazame kulia kwanza, kisha kushoto, kisha tena kulia. Mdogo mshike kifundo cha mkono, maana vidole huteleza, na awe upande ulio mbali na magari. Akishuka kwenye daladala, asipite mbele yake. Angoje iondoke ndipo aone barabara yote. Jioni avae au abebe kitu cheupe.

Yapo mazoea mawili ya nyumbani ambayo yafaa tuyaache kabisa. La kwanza ni kumtuma mtoto wa miaka mitano au sita ng'ambo ya barabara akanunue chumvi. La pili ni kumwita mtoto aliye upande wa pili. Mtoto akimwona mama yake haoni kitu kingine, atakimbia. Ukimwona ng'ambo, nyamaza, vuka wewe umfuate.

Kwa msomaji anayeendesha gari. Akina mama wengi siku hizi wanashika usukani, na ni jambo jema. Ondoa mguu kwenye mafuta mapema unapokaribia kivuko, ili wa nyuma yako naye aelewe. Ukisimama, simama nyuma kidogo ya mistari, ili anayevuka aione njia ya pili. Usimpungie mtu mkono avuke kama hujahakikisha kwamba wa pembeni yako naye amesimama. Mkono wako humpa imani ambayo huenda mwingine akaivunja.

Kwa mwenye chombo. Familia nyingi huishi kwa bodaboda moja au daladala moja iliyonunuliwa kwa mkopo wa kikundi. Kama ni wewe, kaa na dereva wako mpange hesabu inayowezekana bila mbio. Mkague breki na matairi pamoja. Mwambie waziwazi kwamba siku akileta pungufu kwa sababu alifuata sheria, hutamfukuza. Na kama mwanao ndiye dereva, usichoke kumwambia. Maneno ya mama hukaa masikioni mahali ambapo ya trafiki hayafiki.

Kwa abiria. Sauti moja ndani ya basi hupuuzwa, lakini sauti tano hazipuuzwi. Dereva akipita kivuko kwa mbio, mwambieni kwa heshima, "Mwanangu, tupunguzie mwendo, nasi tuna watoto." Wengi hutii kuliko tunavyodhani. Asipotii, andikeni namba ya gari, mahali na saa, mwipeleke polisi.

Kwa jamii. Kamati ya shule, mkutano wa mtaa na vikundi vyetu vya akina mama vina uwezo wa kuomba kwa maandishi kwamba kivuko kichorwe upya, matuta yawekwe, na pawepo mtu mzima wa kuwavusha watoto asubuhi na mchana. Tusidhani ni kazi bure. Shirika la Amend lilifanya kazi ya namna hiyo kwenye maeneo ya shule jijini Dar es Salaam: njia za waenda kwa miguu, vivuko, matuta, vibao, na mafundisho kwa wanafunzi. Watafiti walipolinganisha shule zilizopata kazi hiyo na zile ambazo bado, waliona kwamba watoto walioumizwa walipungua. Mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji iliyotolewa na WRI Ross Center ya Marekani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kutolewa. Kumbuka kwamba ilikuwa kazi ya rangi, saruji na vibao, yaani vitu vinavyopatikana katika kila wilaya yetu.

Ajali ikitokea

Pamoja na hayo yote, ni vema kujua la kufanya siku ya taabu. Mtu aliyeumia shingo au mgongo asivutwe ovyo, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine mahali hapo. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha. Andika namba ya chombo kilichogonga, na uombe majina ya watu wawili au watatu walioona. Polisi hutoa fomu iitwayo PF3 kwa ajili ya majeruhi. Mmoja wa ndugu aifuatilie mapema wakati mgonjwa anapelekwa hospitali.

Tena, wengi hawajui kwamba kila chombo cha moto kinatakiwa na sheria kuwa na bima kwa ajili ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu ndiye wewe uliyegongwa, au watoto wa aliyefariki. Maana yake ni kwamba ipo njia ya kudai fidia kutoka kwa kampuni ya bima ya gari lililogonga. Familia nyingi hupokea rambirambi ya dereva kidogo mkononi, wakatia sahihi kwamba yamekwisha, na kumbe wamesaini kuacha haki ya yatima. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, tafuta ushauri polisi au kwa wanaotoa msaada wa sheria.

Mwezi huu basi, chagua asubuhi moja. Nenda na jirani zako wawili au watatu hadi kivuko kilicho karibu na shule ya watoto wenu, mkasimame hapo nusu saa tu. Hesabuni magari mangapi yamesimama, na mangapi yamepita. Andikeni hesabu hiyo katika karatasi, pamoja na tarehe na saa, mwipeleke kwa mwalimu mkuu, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa kikosi cha usalama barabarani cha wilaya. Karatasi yenye tarakimu zilizohesabiwa na akina mama wenyewe ni vigumu kuitupa kapuni. Na wakati mnahesabu, msisahau kuwavusha watoto.